Chapa Chini ya Feni

Shamso hakumchagua Hirsi, alikosa mwingine. Garissa nzima, mwaka ule wa tisini na saba, hakumjua mtu mwingine awezaye kufungua kompyuta na kuifunga ikawaka. Angekuwepo hata Wajir, angemfuata huko huko. Hirsi alikuwa ndugu wa mwanamume aliyemwacha Shamso, na siku ya talaka alikaa mbele ya wazee akasema mwanamke huyu hawezi kukaa na mtu kwa sababu haamini mtu. Neno lile Shamso hakuwahi kulimeza.

Leo Hirsi huyo huyo ameinama ndani ya duka lake la kuchapa, mtaa wa Iftin, amempa mgongo kana kwamba duka ni lake. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, tena ya bei ya chini tangu ilipotoka kiwandani, lakini ndiyo iliyomlisha Shamso na mama yake. Siku hizi ilikuwa imechoka. Uliipa ukurasa mmoja, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Shule zilikwisha kuanza kupeleka mitihani yao mtaa wa Waberi, kwenye mashine mpya. Ndipo Shamso akaagiza Nairobi prosesa yenye kasi zaidi, maana hiyo ndiyo ubongo wa kompyuta.

Kabla ya kumkabidhi Hirsi, aliikwaruza mgongoni kwa sindano chapa ya ngamia wa baba yake, mstari na nusu duara. Mwizi wa mifugo hushikwa kwa chapa, na huyu naye atashikwa vivyo hivyo. Kusema kweli, alitamani aibe.

Hirsi alipomaliza, mashine iliwaka upesi. Mwalimu mmoja wa kutoka Kitui, aliyekuwa akingojea kuchapiwa mitihani, akamshukuru Mungu. Shamso akachungulia ndani ya sanduku lililokuwa bado wazi. Aliona feni tu.

"Chapa yangu iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili, ili mwalimu asikie.

"Chapa gani?"

"Niliweka chapa kwa prosesa. Hii si yangu. Yangu umeficha."

Hirsi akamkata jicho. "Iko chini ya feni. Nimeweka dawa ya kupunguza joto, imeshika. Ukitaka kuona, ngoja ipoe, nitoe bole bole."

"Ningoje ufike nayo nyumbani?"

"Mama, si imewaka?" mwalimu alijaribu kupoza.

"Hata ile ya zamani ilikuwa inawaka."

Shamso akang'oa waya ukutani, akanyakua bisibisi, akaichomeka chini ya feni.

"Wallahi usiguse," Hirsi alisema akiinuka, lakini alikwisha kuchelewa. Feni ilitoka pamoja na prosesa, kwa mlio wa kijiti kikavu kikikatika. Shamso akapangusa ile dawa nyeupe kwa ncha ya shali yake. Mstari ulikuwepo, na nusu duara.

"Rudisha ile ya zamani," alisema, sauti imemshuka.

Hirsi akachungulia. "Miguu ya prosesa imefunjikia ndani ya matundu yake. Hii haiingii, na ile haiingii."

Mwalimu akakusanya karatasi zake, akauliza kwa adabu njia ya Waberi. Hirsi akamwambia wafuatane, na yeye anaelekea huko.

Mlangoni Hirsi aligeuka. Shamso alijua atakalosema, lile neno la mbele ya wazee, na tusi la kumjibu lilikuwa tayari mdomoni. Hirsi akamtazama, akaitazama mashine, akaenda zake bila kusema kitu. Kwa hilo Shamso alimchukia kuliko kwa yote.