Siku Joha Alipotolewa

Saa kumi alasiri Vaileth alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko la bibi yake, kijijini Kidodi, akimbadilishia Joha mkono wa kushoto. Mchele wa usiku ulikuwa umeshachaguliwa, kuni zilikuwa kavu, na simu ilikuwa imechajiwa kwa sola tangu asubuhi. Mkono wa zamani ulikuwa wa kurushia makombora. Vaileth aliutoa, akaweka wenye wembe mrefu, kisha akaushusha ule wembe mpaka ukawa unapita karibu kabisa na ardhi. Mtu aliyekata miwa tangu darasa la sita anajua kwamba utamu uko chini.

Joha alikuwa msichana wa chuma ndani ya gemu ambalo Vaileth alilipakua Mikumi, wakati akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni yenye intaneti ya bure. Katika gemu hilo wasichana wa namna hiyo huzunguka kwenye miji iliyobomoka wakipigana na mazimwi, na kila mchezaji hujiundia wake, kuanzia visigino hadi nywele. Wengi huwapa wa kwao mabawa, maana mabawa yanapendeza. Vaileth hakuyataka. Alimpa Joha miguu mizito, mgongo mpana na nywele za twende kilioni, na kwa umbo hilo lisilo na maringo alikuwa amewashinda mazimwi ambao vijana wa mjini walikuwa bado wanawakimbia. Alikuwa na haki ya kujisikia, na alijisikia kweli.

Bibi Sikuzani aliinama kutazama. Alikuwa kungwi wa ukoo, na msichana yeyote akipita mbele ya macho yake, hata kwenye kioo cha simu, alimkagua.

"Huyu mtoto ametolewa?" aliuliza.

"Bado, Bibi."

"Anazurura peke yake hivyo, hata hajatolewa?"

"Hana watu," alisema Vaileth.

Bibi aliguna, akarudi kwenye moto.

Vaileth mwenyewe hakuwa ametolewa. Katika ukoo wao msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundishwa na kungwi, kisha hutolewa nje kwa ngoma, na siku hiyohiyo mjomba wake humshika mkono akamwonyesha shamba lake. Bila kutolewa hakuna shamba. La Vaileth lilikuwepo, lilikuwa la marehemu mama yake, udongo mweusi kwenye njia ya kushukia mto Ruaha. Baada ya msiba Mjomba Alfred alilichukua ili alitunze kidogo, akapanda miwa. Mwaka wa kwanza alisema hawezi kusimamia ngoma na matanga hayajapoa. Mwaka uliofuata alikuwa anaezeka nyumba. Baada ya hapo hakutoa tena sababu, alikuwa akisema mwakani tu, kwa sauti nzuri, na kumtumia Bibi sukari. Vaileth alikuwa na miaka ishirini na bado alihesabiwa mtoto. Kichwani alishalipanga shamba lote: mpunga upande wa chini, nyanya upande wa juu, na chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Hakuwa na ndoto nyingine.

Jumamosi moja simu iliandika kwamba nafasi imejaa. Vaileth alifuta picha za harusi ya binamu yake, akafuta na nyimbo, lakini haikutosha. Basi Joha akatoka ndani ya simu. Alisimama kati ya kichanja cha vyombo na banda la kuku, kichwa kikipita paa kidogo, akasubiri. Kuku walisogea upande wa pili. Bibi Sikuzani alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema nguo aliyovaa ni fupi. Kanga za nyumbani hazikumfika, ikabidi waazime turubai kwa jirani. Jirani huyo, Mudathir, alilileta mwenyewe. Alisalimia, akauliza kama mgeni atakaa muda mrefu, kwa kuwa turubai lilikuwa la mahindi na mvua zilikuwa karibu.

Kesho yake lori la miwa lilinasa kwenye tope karibu na kanisa. Vaileth aliweka kidole gumba kwenye kioo cha simu, na Joha akalinyanyua lori upande mmoja, kama mtu anavyonyanyua meza afagie chini yake. Dereva alishukuru akaendelea na safari. Kabla ya chakula cha mchana Mjomba Alfred alikuwa ameshafika na pikipiki yake, bado amevaa shati la ibadani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Mjomba Alfred alimzunguka Joha taratibu. Aligusa wembe, akapiga konzi kwenye goti, akasikiliza. "Nani kamtengeneza?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Kila kitu?"

"Kila kitu, Mjomba."

"Basi ni wa kwetu," alisema Mjomba, na hapo alikuwa sahihi, maana ukoo huo hufuata upande wa mama. "Kilichotoka kwa binti wa dada yangu ni cha ukoo wangu. Mama, huyu awekwe ndani wiki hii hii. Nitasimama mimi. Mbuzi nitatoa, kanga nitatoa."

Bibi Sikuzani aliweka sufuria chini. "Alfred, mtoto atatolewaje kabla ya mama yake?"

"Mama yake mwakani," alisema Mjomba Alfred, akawasha pikipiki.

Lilimuuma Vaileth, na si kidogo. Lakini pia ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa mama na mtu mzima, tena mbele ya majirani, na neno hilo lilimkaa vizuri kuliko alivyotegemea. Usiku alipolala alilirudia mara kadhaa.

Waliezua mabati ya chumba cha nyuma ili Joha aweze kukaa wima, na Bibi akaanza kazi. Yanayofundishwa humo si ya kuandikwa hapa. Yatosha kusema kwamba Joha alishika kila kitu mara moja na hakusahau hata kimoja. Wasichana wa siku hizi, Bibi alizoea kulalamika, unawafundisha na wao macho yako kwenye simu. Joha alikuwa ametoka kwenye simu, hakuwa na hamu nayo. Alijua Kividunda, lugha ya ukoo, kabla ya Kiswahili. Alijifunza kupiga magoti mbele ya wakubwa, kupokea kwa mikono miwili, kutopaza sauti, na kutomjibu mjomba. Bibi alimpaka mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, na magoti yake, ambayo yalikuwa yakilia, yakanyamaza.

Vaileth alileta chakula ambacho Joha hakula. Wakati mwingine alikuwa akigusa kioo ili tu amwone akinyanyua mkono, kama zamani. Joha alinyanyua, lakini hakuwa tena na papara ile ya kwanza. Sasa aligeuza kichwa kwanza, akaangalia ni nani mwingine aliyekuwepo chumbani. Vaileth alimweleza Bibi.

"Ndicho kinachotakiwa," alisema Bibi.

Siku ya kutolewa walikuja watu kutoka milimani Vidunda, wakaja na wa Mikumi. Wanawake walisema tangu mwaka wa mafuriko hawajaona mwali wa kuvutia hivyo. Joha alifunikwa kanga mpya zilizoshonwa pamoja, shanga shingoni, macho chini. Desturi inataka mwali abebwe begani. Wanaume wa ukoo walijaribu mara moja, wakashauriana, halafu Joha akawabeba wao, na ngoma ikaendelea bila kukatika. Vigelegele vilipigwa mpaka watu wakakauka koo.

"Mama mwali huyo! Hongera mama mwali!"

Walimtunza Vaileth, wakambandika noti kwenye paji la uso, wakamvisha kanga juu ya kanga. Shangazi zake, ambao hata kumsalimia ilikuwa kazi, walimpisha kwenye mkeka. Alicheza. Alilia pia, na ni machozi ya fahari, hakuna haja ya kuyatafutia jina lingine. Katika watu wote waliokuwepo hakuna aliyewahi kuleta duniani kitu kama Joha, na yeye alikuwa amemleta kwa kidole gumba kimoja na simu yenye kioo kilichopasuka.

Kisha Mjomba Alfred alimshika Joha kidole na msafara ukaanza. Ngoma ilitangulia. Waliposhika njia ya kushukia mtoni Vaileth alijua wanakwenda wapi. Walisimama mbele ya miwa, na Mjomba akampa Joha jembe jipya.

"Shamba hili ni lako," alisema. "Na kwa kuwa wewe ni mgeni, nitakushikia mimi."

Watu walishangilia.

"Mjomba," Vaileth alisema, "hilo ni la mama."

"Ndiyo. La mama yako, na sasa la mwanao. Kwani limekwenda mbali?"

Wazee walikubaliana kwamba halijakwenda mbali. Halijatoka hata nje ya nyumba. Mmoja alimpongeza Vaileth, akasema heri yeye ambaye mtoto wake ana pa kulima.

Wiki iliyofuata walikwenda Kilosa kuandikisha shamba. Mjomba, Bibi na Vaileth walipanda basi, Joha akatembea pembeni ya barabara bila kulipita. Basi liliposimama Mikumi, mwenye nyumba ya wageni alitoka mpaka dirishani, yule ambaye zamani alimwita Vaileth kwa kupiga makofi. Alimpa soda ya baridi, akamwita mama Joha, akaomba apige picha na familia. Vaileth aliinywa soda taratibu, hadi tone la mwisho.

Ofisa wa ardhi aliuliza kama mwenye shamba ana namba ya utambulisho. Joha aliinama akaonyesha shingo, ambako namba ilikuwa imechongwa kiwandani, popote kiwanda hicho kilipo. Ofisa aliinakili, akasema ni ndefu kuliko za kawaida lakini haina tatizo. Halafu akamgeukia Vaileth.

"Na wewe dada?"

"Mimi ni mama yake."

"Hongera sana," alisema ofisa, kwa moyo mweupe.

Msimu wa kukata miwa ulipofika, Joha aliingia shambani peke yake, na kazi ya watu wengi aliifanya bila kupumzika. Vaileth alikuja na simu, na begani alikuwa na mfuko wa mbegu za mpunga. Alikuwa amefikiri sana. Miwa ikikatwa huchipua tena yenyewe, lakini iking'olewa na mashina yake imekwisha, na Joha alikuwa na nguvu za kuing'oa yote kabla ya chakula cha mchana. Mwenye shamba akilima mpunga kwenye shamba lake, nani atamshtaki? Vaileth alisimama ukingoni, akaweka kidole kwenye kioo.

Joha aliacha kukata. Aligeuza kichwa, akamwona Mjomba Alfred amesimama kando ya lori. Akapiga magoti, ardhi ikatikisika hadi barabarani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea."

Vaileth alibonyeza tena. Alibonyeza mpaka kioo kikachoma kidole. Joha alimgeukia yeye pia, akapiga magoti, akamwamkia mama yake kwa Kividunda safi, kwa upole ambao hakuna gemu linaloweza kuufundisha. Kisha akainuka akarudi kwenye miwa, akiiacha mashina yake salama ardhini.

Bibi Sikuzani alikuwa amekuja na ndoo ya uji wa wapakiaji. Alikuwa ameona yote, na machozi yalimlengalenga.

"Umeona?" alisema. "Katika wote niliowafundisha maisha yangu yote, hakuna aliyeshika namna hii."

"Nimeona, Bibi."

Vaileth alipokea ndoo, akaiweka kwenye kivuli cha lori.

"Mwakani ukiniweka mimi ndani," aliuliza, "nitakuwa hivyo?"

Bibi Sikuzani alilifikiria swali hilo kwa haki, maana hakuwa mtu wa kusifia ovyo.

"Ukijitahidi," alisema.

Dereva mmoja, mgeni wa njia ile, alikuja kuchukua kikombe chake. Alitazama shambani, akauliza yule binti wa chuma ni wa nani.

"Wangu," alisema Vaileth, akanyoosha shingo. "Nimemtengeneza mwenyewe."

"Na shamba je?"

"Lake," alisema Vaileth, akamjazia uji.