Chupa Isiyotiwa Sumu

Chupa ilianza kukohoa Jumatatu asubuhi, mtafiti akiwa anafuta meza ya maabara kwa kitambaa kibichi. Ilikuwa chupa ya maji ya bahari, yaliyotekwa kwenye kina kirefu kuliko vyote katika safari iliyopita ya meli ya utafiti. Ilikohoa, ikasafisha koo, ikanyamaza. Mtafiti akazisogeza chupa nyingine isije ikazigonga.

Kosa lilikuwa lake, alijua. Chupa ikishajazwa hutiwa tone la zebaki, sumu ya kuua kila kiumbe kilichomo, maana kikibaki hata kijidudu kitaendelea kupumua na kuvuruga kipimo cha kaboni. Siku ile mawimbi yalikuwa yamemshika, na zamu ya chupa hii ilipofika yeye alikuwa ameinamia ndoo akitapika. Tone likasahaulika, maji yakabaki hai, na aliye hai hukohoa.

Kikohozi chenyewe alikifahamu, kirefu, chenye mluzi mwishoni. Kilikuwa cha babu yake, aliyechochea makaa katika meli za mvuke hadi mapafu yakamshinda. Maji ya kina kile zamani hizo yalikuwa juu. Yaliumeza moshi wa meli pamoja na pumzi za watu wake, kisha yakazama navyo. Hayo hayakuwa mageni kwa mtafiti. Ndiyo aliyoyasomea mpaka akapata udaktari, na ndiyo aliyokuwa akiyafanyia utafiti hadi leo.

"Ni wewe, mke wangu?" chupa ikauliza.

"Ni mimi, babu."

"Umekonda. Hicho kisomo hakina chakula?"

Akampigia simu bibi. Bibi alikuja na kiti chake cha kukunja, kwa kuwa viti vya maabara ni virefu na havina adabu kwa mtu mzima, akakikunjua mbele ya chupa.

"Haya, mke mwenzangu, toa hicho kizibo," alimwambia mjukuu wake. Kisha akaigeukia chupa. "Uliniaga unakwenda zamu moja."

"Zamu ilirefuka," alisema babu.

"Na salamu nazo zilirefuka?"

Wakacheka wote wawili hadi maji yakamwagika kidogo. Tangu hapo bibi akawa anakuja kila siku, anamsomea mumewe matangazo ya vifo gazetini, ajue nani yuko njiani.

Profesa, mkuu wa mradi, hakuwa na ugomvi na marehemu. Alimsalimu kila alipopita. Shida yake ilikuwa kipimo. Mkataba wa mtafiti ulikuwa unakwisha mwezi ule, na usingeongezwa kabla vina vyote havijapimwa. Kilibaki kina kimoja tu, na chupa yake ndiyo hii. Kupima ni kuyamimina maji kwenye mashine, kuyatia asidi, na kuyakamua hewa yote ya ukaa mpaka pumzi ya mwisho.

"Sikufukuzi, mwanangu," Profesa alimwambia. "Lakini bila kipimo hicho mwezi ujao huna kiti hapa. Na mzee naye hana rafu ya kukaa."

Mtafiti aliumia. Alimpenda babu yake, aliipenda kazi yake, na hakutaka kuachia hata kimoja. Alipomweleza bibi, bibi alikunja gazeti. Babu ndiye aliyejibu.

"Nipimeni. Huko chini tumejaa, tumebanana, na bado mnatuletea wengine. Angalau mtu aandike."

"Na wewe utakwenda wapi?" bibi aliuliza.

"Mama, mimi nilishakufa. Hofu ya nini tena?"

Wakampima. Bibi alishika kizibo mkononi muda wote. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikatoa namba kubwa kuliko za chupa zote, na mtafiti akalia pale pale bila kujificha. Hapo kikohozi kikasikika juu, ndani ya bomba la kutolea hewa linalopita darini.

"Huku kuna upepo," babu akasema. "Nanyoosha hata miguu."

Bibi akahamishia kiti chake chini ya bomba.

Profesa aliitazama ile namba kwa muda mrefu, akaguna, akaikata kwa mstari. Chupa haikutiwa sumu, na kanuni inasema sampuli iliyo hai haihesabiwi. Mkataba ukaongezwa hata hivyo, kwa kuwa kina kilipimwa. Ikaletwa keki. Watu walipokwisha kumpongeza mtafiti, Profesa akawasomea hitimisho la ripoti kabla haijaenda kwa wafadhili, ambao ni wachimba mafuta: kwa mujibu wa sampuli zilizokubaliwa, bahari bado ina nafasi ya kutosha kumeza moshi.

"Mume wangu naye alipimwa na daktari wa meli," bibi alisema, akipokea kipande chake cha keki. "Akaambiwa mapafu bado yana nafasi ya kutosha. Kesho yake akarudi kwenye tanuri."

Keki ilikuwa laini, na mtafiti alimkatia bibi kipande cha pili. Juu ya vichwa vyao babu akakohoa, kile kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni.

"Pole, mzee," alisema Profesa, akafunua ukurasa mwingine.