Choki Imevutwa

Kla. Komeo la geti, mara moja tu, usiku ule, halafu kimya... na kila anapoingiza mkonga wa kipimo kwenye bomba la moshi la gari la mtu, chuma kikigusa chuma, huisikia tena, kaka yake akitoka bila begi na bila kwaheri, na yeye kitandani akidhani ni upepo unachezea geti, lakini leo imemlia hadi kwenye meno, kwa sababu mwenye gari ni Bosi, ndiye hasa, Bosi wa gereji, amenenepa shingo na kukonda miguu, ameketi nyuma ya usukani wa gari la porini la kizamani lenye paa la turubai na taa mbili za duara kama macho ya mtu aliyeshtuliwa, gari aliloliagiza ng'ambo akalisubiri kama anayesubiri mtoto wa uzeeni, na hamjui, atamjuaje, barakoa imemficha nusu ya uso na kofia imemaliza nusu iliyobaki, kwake huyu ni mdomo tu wa serikali unaosema washa, zima, kanyaga, achia. Washa, mzee, alisema, na injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika kwa ngurumo ya kukwaruza, moshi mweusi, mzito, wenye harufu ya petroli mbichi, na kutoka mstari wa breki mwenzake, wanayemwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna, akapaza sauti, "Dada Moshi! Hilo ni gari au jiko la mkaa?" na watu kwenye benchi la kusubiria wakacheka, Bosi naye akacheka, cheko lile lile la tumboni, huh-huh-huh, alicheka hivyo siku ile pia, mbele ya mafundi wote, alipomkamata kaka kola ya ovaroli akasema tazameni mikono ya mwizi ilivyo laini, kabureta mpya imeyeyuka stoo kama sukari, nani mwingine ana ufunguo, na tangu siku ile hakumwita tena kwa jina, ikawa yule mwizi, kwa wateja yule mwizi, sokoni yule mwizi, hata seremala alipotaka kumpa kaka kibarua cha kupanga mbao akaambiwa nani, yule mwizi? mkaribishe, utaamka huna mlango... na jioni ile mama akaweka mwiko chini akasema humu ndani jina la mwanangu lisitajwe tena mpaka aliyelichafua alisafishe kwa mdomo wake mwenyewe, akamaanisha Bosi, kila mtu alijua anamaanisha Bosi, lakini kaka aliyekuwa anakula aliacha kula, na usiku, kla.

"Binti, hii ni mara ya tatu, unajua," anasema Bosi dirishani. Anajua. Mara mbili limeshindwa kwenye moshi kwa wenzake wa zamu nyingine, na gari la kuagizwa likishindwa mara tatu halisajiliwi, halipati namba, linavutwa kwa mnyororo hadi uwanja wa vyuma chakavu ulio nyuma ya ukuta huu huu, kule kwenye mtambo wenye meno, na yeye mchana hula chakula chake akiusikia mtambo ule ukitafuna. "Najua, mzee. Usikanyage mafuta. Liache lingurume lenyewe." "Linajua kunguruma hili! Mke wangu ananiambia siku hizi una mke mdogo, namwambia afadhali huyu, akinguruma namzima," na anamngoja acheke, na yeye hacheki, anatazama skrini, tarakimu zinapanda, za kijani, za njano, sasa nyekundu, zinapanda bila haraka kama mtu anayejua anakokwenda, ni lazima zitulie ndipo mashine ichape jibu, dakika chache tu, na hana la kufanya ila kusimama, kusimama tu mikono nyuma, maana choki imevutwa. Ameiona tangu mwanzo. Kile kifundo cheusi pembeni mwa usukani kimetoka nje urefu wa kidole, magari haya ya kabureta yakiwa baridi huvutiwa choki yanywe petroli nyingi kwa hewa kidogo, yakishapata moto unaisukuma irudi, usipoisukuma yanatapika moshi kama mlevi, na mzee amekaa foleni injini imezimwa, ikapoa, alipoitwa akaivuta bila kufikiri kama mtu anavyokuna sikio, na akaisahau, kosa la fundi mkongwe hilo, kijana wa magari ya kompyuta asingelifanya, hata choki yenyewe haijui, na kanuni inamtaka mpimaji aseme, injini iwe na moto, choki ndani, ndipo upime, maneno matatu tu, sukuma choki, mzee, nayo ameyaweka chini ya ulimi kama kidonge kichungu na hayatoki, hayatatoka, aliye juu mngoje chini, wamemngoja, mama amemngoja hadi nywele zimekuwa jivu, na leo amekuja chini mwenyewe, kwa miguu yake, hapana, kwa magurudumu yake manne, mapya, yenye meno, amejileta kama kuku anayejipeleka jikoni kuuliza chumvi iko wapi... atasimama nje ya waya, atashika waya kwa vidole kumi, atalitazama turubai likichanika, zile taa za duara zikipasuka moja, ya pili, na atauliza kwa nini, nimekosa nini, na yeye ndipo atavua barakoa, taratibu, sikio la kulia, sikio la kushoto, hatasema neno, ataacha uso useme, uso wa mama, kila mtu husema ni uso wa mama mtupu, na mzee ataelewa, malipo ni hapa hapa duniani, ataelewa na itakuwa imeshapita.

"Mbona nyekundu?" Bosi anachungulia skrini, shingo imetoka nje ya dirisha. "Juzi fundi wangu amelipima likasoma vizuri kabisa." "Mashine haijamaliza. Fungua boneti, nisome namba ya injini," kwa sauti kavu, ya kazi, na boneti inafunguka kwa mlio wa mlango wa kabati la bibi, joto la petroli linampiga machoni, anainama na tochi, namba ya injini iko ubavuni, herufi mbili, kisha tarakimu, anazisoma kwa midomo, zinalingana, kila kitu kimepanguswa, mipira mipya, nyaya zimefungwa pamoja kwa uzi na si kwa plastiki, nani siku hizi anafunga nyaya kwa uzi, na tochi inapanda kwenye kabureta na inasimama. Pale kwenye skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo inayoamua petroli kiasi gani na hewa kiasi gani, pana tone. La zambarau. Rangi ya kucha. Tone lenye mkia, mkia umekwenda upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuuvuta bila kujipinda, mkono wa kushoto tu, na anashika ukingo wa boneti, maana alikuwa na chupa moja ya rangi ya kucha ya zambarau, aliinunua kwa hela ya madaftari, akaificha ndani ya soksi, na kaka akaiona, kaka mwenye mkono wa kushoto, kila alipomaliza kurekebisha kabureta ya mtu akadondosha tone kwenye skrubu, ili akirudi ajue kama kuna aliyeigusa, na yeye alilia, alipiga miguu, utanirudishia rangi yangu! na kaka, "Nyamaza mdogo wangu, hii si rangi tena, hii ni kufuli," na chupa ikaisha nusu hata kidole chake kimoja hakijapakwa... tone linang'aa, halina vumbi, ni la juzi, wiki hii, yuko hai, yuko karibu, ameingia dukani mwanamume mzima akaomba rangi ya kucha ya zambarau na mwenye duka akamtazama, ameinama hapa hapa nilipoinama, ametega sikio kwenye injini hii akaisikiliza hadi ikasema kweli, amelipima likasoma vizuri kabisa, na mimi... ile nyekundu. Ile nyekundu kwenye skrini si ya Bosi, ni kazi ya kaka inayosomeka nyekundu, mashine itachapa jibu kuwa aliyelirekebisha gari hili hajui kazi, na mwenye kuchapa ni mimi, kwa kisu changu nimekuwa nachinja kuku wa nyumbani. Sukuma choki, mzee. Yaseme. Yaseme basi... lakini kwanza, kwanza anataka kujua, "Nani alikurekebishia kabureta?"

Injini inakohoa. "Fundi mmoja, bandarini. Lilipotoka melini halikuwaka vizuri, na hapa wakalikataa mara mbili, nikaambiwa kuna mtu kule kwenye uwanja wa kushushia magari, hakuna kabureta inayomshinda." "Fundi nani?" Bosi anauangalia usukani kana kwamba ameandikiwa pale la kusema. "Nilikutambua uliposema washa," anasema mwishowe, chini, karibu na kumezwa na injini, "ni sauti ya mama yenu. Kaka yako hakutaka hela. Nilimpa, akanirudishia mfukoni. Akasema nenda mstari wa moshi, yupo dada yangu, taja jina langu pale mbele ya watu, kwa sauti, useme sikuiba. Hayo ndiyo malipo yangu." Kwa hiyo kaka alilisikia neno la mama, alitoka nalo getini badala ya begi, amelibeba muda wote huo akingoja siku ambayo mtu huyu atamhitaji. "Aliiba?" "Ile kabureta aliiuza mwanangu wa kumzaa. Nilijua mwaka uliofuata." Mwaka uliofuata! Na damu inampanda, alijua, alikaa nalo kama kuku anayelalia jiwe, akapita mbele ya nyumba yetu, akaitikia salamu ya mama, mama aliyeapa mwanawe si mwizi akawa hana wa kumwambia, na hasira hii ni kubwa kuliko ile aliyoamka nayo asubuhi, ila imegeuka, haitaki tena chuma, mtambo wa meno na utafune mengine, chuma kitamlipa nini mama, mama hakuomba chuma. "Sasa mbona hujalitaja jina lake?" Bosi anajifuta paji la uso. "Nilisema lipite kwanza, binti. Likishapita, nitataja." Mbweha. Mbweha mzee wewe. "Mzee, halijapita." "Ukinisaidia..." "Mlipe fundi wako."

Skrini bado nyekundu, kifundo cha choki bado kiko nje urefu wa kidole, atamwambia, atakisukuma hata kwa mkono wake mwenyewe, hakuna atakayeiabisha kazi ya kaka hapa, lakini hilo mzee halijui, na hana haraka ya kumjulisha. Bosi anatoa kichwa dirishani, anawatazama watu wa kwenye benchi, anamtazama Breki, na analitaja jina kwenye kola ya shati lake, laini, kama anayetubu kwa mto wa kulalia, na yeye kalisikia, masikio yake yamelishika herufi kwa herufi, moyo umegonga kla, lakini anaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikii, mzee."

"Nimesema..."

"Injini ina kelele. Paza sauti."

"Mzee anasemaje?" anadakia Breki, na watu wa kwenye benchi wanageuka, wenye makaratasi na wenye funguo, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na fundi wa matairi aliyewahi kufanya kazi gereji ile ile na kumwita mtu mwizi kwa kuwa bosi wake alimwita hivyo, na Bosi anafungua mlango, anashuka, miguu yake myembamba inatafuta sakafu, anashikilia boneti iliyo wazi kwa mkono mmoja, anavuta pumzi iliyojaa moshi wa gari lake mwenyewe, anakohoa, na anapiga kelele kushinda injini, shingo imevimba, macho yana maji, huenda ni moshi, "Hakuiba! Jamani nisikieni, mimi ndiye niliyemwita mwizi na hakuiba kitu, aliyelitengeneza gari hili hakuniibia hata msumari, jina lake si mwizi, jina lake ni Chenene!"