Siku Waliponisimamia Nikiwa Hai

Chama chetu cha mazoezi na mpira hapa Hinterkessel kina zaidi ya miaka mia, na sijui kama umewahi kupita mwezi bila ugomvi. Waliokianzisha walikuwa wanaume wa mazoezi ya viungo, wenye masharubu na suruali nyeupe, babu yangu akiwa mmoja wao. Mpira ulipofika kijijini wakauita ugonjwa wa Waingereza, wakasema mtu mwenye akili timamu hapigi kitu teke kisha akakikimbilia mwenyewe. Vijana wakapiga teke hivyo hivyo. Pande mbili zikaachana kwa matusi, kila upande na bendera yake, hata mkate wakawa hawanunui duka moja. Baada ya vita kuu Wamarekani waliokuwa wakitutawala wakasema: kijiji kimoja, chama kimoja, basi. Wakarudiana kama mke na mume waliosuluhishwa na wakwe, na mpaka leo wanalala wamepeana migongo.

Mimi ni Walburga Stöhr, wa upande wa mazoezi. Jumanne jioni ukumbi wa chama ni wetu akina mama. Tunanyoosha mikono, tunainua miguu ikikubali, tunacheka. Tangu Alois wangu afariki, Jumanne ndiyo siku pekee ninayocheka kwa sauti bila majirani kudhani nimerukwa na akili. Sasa mwenyekiti wetu Eckhard, mtu wa mpira mpaka kwenye kucha, akaleta pendekezo kwenye mkutano mkuu wa mwaka: Jumanne wapewe wazee wa mpira, maana nje kuna baridi. Sisi tukajinyooshe kijiji cha pili, ambako jioni hata basi haliendi. Basi Jumapili ile nilikwenda mkutanoni kwa kazi moja tu, kunyoosha mkono wa kukataa.

Mkutano wetu huanza na marehemu. Katibu, Gisbert, husoma majina ya wanachama waliotutoka mwaka huo, watu wote wanasimama kimya, halafu tunakaa na kuendelea kugombana. Gisbert akavaa miwani.

"Heribert Zenk," akasoma. "Na Walburga Stöhr."

Watu wote wakasimama. Na mimi nikasimama. Ningefanyaje? Ndivyo nilivyozoea tangu usichana: marehemu akitajwa, unasimama na kuangalia viatu vyako. Nilikuwa nimeshaviangalia kitambo ndipo nikajiuliza huyo Walburga ni yupi.

Roswitha, shoga yangu, akaninong'oneza, "Pole sana, mwenzangu. Ulikuwa mtu mwema."

"Nyamaza, tuko msibani," nikamjibu.

Na hakuna aliyefungua mdomo! Ukumbi mzima unanijua, nusu yao nimewafuta kamasi, lakini wameinamisha vichwa mbele ya macho yangu, kwa sababu jina limesomwa, na jina likisomwa watu husimama. Tulipokaa nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Gisbert, mwanangu, aliyekufa ni Ottilie Stöhr, yule wa kule kwenye kinu cha unga. Mimi ndiye huyu ninayekukodolea macho."

Gisbert akaiva uso kama nyanya. "Samahani, Mama Stöhr. Akina Stöhr mko wengi mno. Tutarekebisha kwenye mengineyo, mwishoni."

"Mengineyo!" Roswitha akaruka. "Mtu akae maiti mpaka mengineyo?"

"Ratiba ni ratiba," akasema Eckhard, akapiga kengele yake.

Tukafika kwenye suala la ukumbi. Wanaoafiki wakanyoosha mikono: thelathini na mmoja. Wanaokataa tukanyoosha: akina mama, na waume zao wanaoogopa kula chakula baridi. Gisbert akahesabu, akafika kwangu, akaniruka.

"Thelathini."

"Wewe Gisbert! Na huu mkono ni wa nani, wa mzimu?"

"Mama Stöhr, usinikasirikie. Nimeshaandika kwamba umefariki. Tumeshakusimamia. Mtu hawezi kufariki ukurasa wa kwanza akapiga kura ukurasa wa tatu."

Nimelea watoto wanne na mume mmoja, na sijapata kutamani kumpiga mtu na mkoba kama siku ile. Eckhard, yeye alikuwa anachekea ndani ya kola. Alijua hesabu. Kwetu kura zikilingana, pendekezo limekufa na mambo yanabaki yalivyokuwa. Mkono wangu ndio ungezilinganisha.

"Tufuate utaratibu," akasema, sauti ya asali. "Tupige kura kwanza. Walburga Stöhr atambuliwe kuwa yu hai. Wanaoafiki?"

Akina mama na waume zao wakanyoosha. Nami nikanyoosha.

"Wewe huhusiki," akasema Gisbert.

"Wanaopinga?"

Hakuna. Aibu walikuwa nayo kidogo.

"Wasio na upande?"

Benchi zima la mpira likanyoosha mikono kama msitu wa misonobari. Katikati yao nikamwona shemeji yangu Ottmar, aliyekula bata wangu Krismasi, akaomba na mchuzi wa kwenda nao nyumbani.

"Ottmar! Huna upande? Mimi kuwa hai?"

"Shemeji, usilichukulie hivyo. Mimi ni wa mpira."

Gisbert akajikuna kichwa, akasema kwamba ikiwa walio wengi hawana hakika kama niko hai, yeye hawezi kuandika kwamba nipo.

"Haya," nikasema. "Nimekubali. Nimekufa." Nikavaa koti.

"Unakwenda wapi?" Roswitha akauliza.

"Nyumbani, nikapumzike kwa amani. Ila jezi za timu ya kwanza zimo kwenye mashine yangu ya kufulia, zimelowa. Jumapili ijayo mnacheza na Unterkessel, sivyo? Marehemu haaniki nguo. Na ukimbishia hodi, hafungui."

Benchi la mpira wakatazamana. Afadhali nyumba iungue kuliko kufungwa na Unterkessel. Kapteni wao Torben, pande la mtu, akashusha polepole mkono uliokuwa bado juu.

"Mwenyekiti, mimi naona... ukimtazama vizuri, ana dalili za uhai."

"Sauti anayo," kipa akadakia. "Sauti anayo kabisa."

Kura ikarudiwa. Wakanifufua wote, hata Eckhard, kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua nepi chafu. Gisbert akafuta na kuandika, ulimi nje. Wakahesabu tena kura za ukumbi: thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja.

"Pendekezo halikupita," akasema Eckhard, kama aliyemeza mfupa.

Ottmar akaja na bia. "Shemeji, sisi tulikuwa tunatania tu. Lakini kule nje baridi ni ya kweli, magoti yanatuuma."

"Ukumbi ni mkubwa," nikamwambia. "Jumanne njooni mnyooke na sisi. Mstari wa nyuma."

Walikuja wawili, yeye na Gisbert. Roswitha akatuamuru tuguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Ottmar akainama kwa kishindo, akakwama hapo hapo nusu ya safari, makalio juu, akiita "Shemeji! Shemeji!" Tulimsaidia, ndiyo, lakini si kabla ya kumaliza kucheka.