Mabawa ya Paka kwa Bei ya Vitumbua

Usiku wa jana niliota chuma cha vitumbua cha dada yangu Mwantumu kinatoka nyumbani kwa miguu. Kilikuwa kimevaa kandambili zangu. Chuma kuwa na miguu hakukunishangaza. Kandambili ndizo zilizoniudhi.

"Unakwenda wapi?" nikakiuliza.

"Nimeuzwa," kikajibu bila kusimama. "Nimegeuzwa almasi. Nakwenda kuripoti."

"Nani kakuuza?"

"Sikudhani."

Sikudhani ni mtoto wa dada, na mimi ni mama yake mdogo. Dada hupika vitumbua kila alfajiri, na hela ya mchele na mafuta anaiweka kwenye simu. Mchana, simu hiyo hiyo anaishika Sikudhani, maana ndani yake kuna mchezo wa kulea paka, ambao vitu vyake hununuliwa kwa almasi za humo humo. Chuma kile kikiondoka, hatuna kingine kinachotulisha. Nikakifuata pekupeku.

Barabara inageuka kioo cha simu. Tunatembea juu yake, na kila ninapokanyaga kitu kinafunguka: taa, zumari, tangazo la sabuni. Mbele yetu wanatangulia mfuko wa mchele na dumu la mafuta, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea.

"Na nyinyi pia?"

"Sisi ni bawa la kushoto," likasema dumu. "Chuma ni bawa la kulia."

Mwisho wa kioo kuna duka. Nyuma ya kaunta amekaa Kitufe, mnene, wa kijani, anawakawaka. Kipajini ameandikwa NUNUA. Mbele yake amesimama Sikudhani na sare ya shule, kidole amekiinua, kimebaki kidogo tu kimguse Kitufe tumboni. Pembeni, paka wake wa kwenye mchezo analia.

"Mamdogo," akasema Sikudhani bila kugeuka, "anataka mabawa. Asipoyapata leo hatanyamaza."

"Karibu, shangazi," Kitufe akaniambia.

"Mimi ni mama mdogo."

"Karibu, mama mdogo. Leo tuna ofa. Mabawa mawili kwa almasi tisini tu."

"Kwa shilingi ni kiasi gani?"

Kitufe akakohoa. "Hapa hatuzungumzi lugha hiyo."

"Mimi ndiyo ninayozungumza. Sema bei."

Akafungua mdomo. Zikatoka nyota, vigelegele na puto moja la zambarau. Bei haikutoka.

Juu ya kaunta kuna saa fupi, nono, inapiga kelele kwamba ofa inaisha, ofa inaisha, ofa inaisha. Kidole cha Sikudhani kinasogea mbele kila inapolia. Nikaichukua ile saa, nikaiweka sakafuni, nikaikalia.

"Inuka," akasema Kitufe. "Ofa haiwezi kuisha ukiwa umeikalia."

"Ndiyo maana nimekaa. Mtoto anafikiri."

Saa ikaendelea kunung'unika chini yangu, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Ilikuwa ya moto kidogo. Sikuinuka.

Sikudhani akashusha kidole. "Hivi almasi ni nini hasa?"

"Almasi ni almasi, mrembo," akasema Kitufe.

"Nikiipeleka dukani kwa Mzee Chambo atanipa kiberiti?"

"Hataipokea."

"Basi nyie mnapokea vitu vyetu, halafu vyenu havipokelewi popote."

Kitufe akafifia upande mmoja.

"Sema bei kwa vitumbua," akasema Sikudhani.

Kitufe akatoa puto jingine. Chuma ndicho kilichojibu, na kilijibu kwa uchovu. "Vitumbua mia tatu. Ninavipika mimi, najua. Mama yako atavuta moshi wa juma zima mpaka vitimie, na hapo hamjala nyinyi wenyewe."

Sikudhani akamtazama paka. Paka akazidisha kilio, machozi ya buluu, kila chozi kubwa kama papai. Moja likabingirika mpaka miguuni pangu. Kisha paka akaniinamia sikioni.

"Samahani, mama," akanong'ona. "Nimeajiriwa kulia."

Sikudhani alisikia. "Lia tu," akamwambia. "Mimi nikinyimwa soda nalia, na kesho yake bado nipo."

Akakikunja kidole, akakitia mfukoni mwa sketi.

Kitufe akawa wa kijivu kuanzia miguuni. "Nitamwita mtoto mwingine," akasema.

"Mwite," akasema Sikudhani. "Tunakaa dawati moja, nitamwambia."

Tukatoka na chuma, mchele na mafuta. Mlangoni, kwenye benchi, walikuwa wamekaa wazee wanne: Mbili, Sifuri, Moja na Sita. Hao ndio namba ya siri ya simu ya dada, mwaka aliozaliwa Sikudhani. Dada aliwachagua kwa mapenzi.

"Nyinyi ni walinzi au wapita njia?" nikawauliza. "Vitu vya watu vinapita mbele yenu."

"Zamani tulikuwa siri," akasema Sifuri. "Lakini kila asubuhi mama mikono yake ina unga, anamwambia mtoto atubonyeze yeye. Siku hizi hata paka anatuita kwa majina."

Sikudhani akawatazama kwa zamu.

"Nendeni mkalale," akasema. "Sitawaita tena."

Sifuri akapiga mwayo. Mwayo ukapanuka, ukatumeza sote, nikaamka.

Uani chuma kilikuwa mekoni, kimetulia, kinachemsha mafuta. Dada, mikono imejaa unga wa mchele, aliielekezea simu kidevu.

"Siku, mwenye mafuta anasubiri hela yake. Nibonyezee hapo namba."

Sikudhani hakusogea. "Nawa mikono, mama. Namba ni yako."

"We mtoto umeanza kiburi."

"Nawa mikono."

Dada akanigeukia mimi, kwa jicho la kuuliza nimemlisha nini mwanawe. Sikuwa nimesema neno na mtu yeyote tangu niamke. Akanawa. Akabonyeza mwenyewe, kioo cha simu amekielekeza ukutani.

Sikudhani akaja akaketi karibu nami, akachukua kitumbua cha kwanza, akakipuliza.

"Paka alilia mpaka usingizi ukamchukua," akasema. "Wala hakupata kitu."