Kanda ya Ijumaa

Ijumaa, tarehe 7 Novemba 1997, saa sita na dakika saba mchana, Hashimu alivua kinasa mapigo ya moyo kiunoni akakiweka mezani, kando ya swichibodi ya shamba la chai.

Daktari Klara alikuwa amemfunga kifaa hicho kwa siku moja. Hashimu alikuwa amekaa miaka ishirini akiunganisha simu, na sasa kizunguzungu kilikuwa kimeanza kumwandama. Lakini Ijumaa ni lazima aoge, aende msikitini. Kila Ijumaa Sefania, karani Mlutheri, humshikia swichibodi. Jumapili Hashimu humrudishia zamu.

"Na hiki?" Sefania aliuliza, akikionyesha kifaa.

"Daktari kasema kanda isikatike."

"Basi nibandike. Moyo wako mvivu kama wewe mwenyewe. Leo kanda itapata cha kuandika."

Hashimu alimbandika nyaya za kifaa kifuani, akamvisha na vipokea sauti. Saa saba na nusu alirudi, akavivaa vyote tena. Hakumwambia daktari, kwake ilikuwa zamu kama zamu nyingine.

Kanda ilipelekwa Dar es Salaam kusomwa. Mwisho wa mwezi wenye shamba wapya walipunguza watu kumi na mmoja, Sefania akiwamo. Akarudi kwao Mtae, juu milimani.

Majibu yalifika tarehe 9 Desemba.

"Kati ya saa sita na nusu na saa saba moyo umesimama mara tatu, kila mara zaidi ya sekunde nne," alisema daktari. "Saa nyingine zote ni mzima. Inabidi uende Dar wiki hii."

"Huo si wangu, daktari."

Alimweleza. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mpigie simu, Hashimu."

Hashimu alikuwa amewahi kuunganisha Mombasa na London. Mtae hakukuwa na simu ya kupiga.

Aliandika barua: *Shuka haraka, usibebe mzigo, moyo wako ni mgonjwa.* Akampa Rubeni, utingo wa basi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeimeza barabara, na basi liligeuzia njiani.

Jioni ya Alhamisi, tarehe 11, Rubeni alisimama mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imefika?"

"Tulikwama kwenye maporomoko. Nilimpa mama mmoja wa Mtae, saa tisa na robo. Aliitia kapuni, akavua viatu, akavuka tope."

"Kisha?"

"Akaingia ukunguni."