Kitambaa cha Altare

Mwaka huu Pasaka ya kwetu Mugoma ilitoka zambarau, na mkosaji ni mimi. Natengeneza batiki nyuma ya nyumba, na maji ya rangi nilikuwa nayamwaga mtaroni bila kujiuliza yanaishia wapi. Yaliishia kijitoni, pale mama Verediana anapofulia vitambaa vya kanisa. Kitambaa cheupe cha altare kikageuka zambarau chote. Padri akauliza kama Kwaresima, ambayo rangi yake kanisani ni zambarau, imerudi, watu wakacheka. Mwenyekiti wa kitongoji hakucheka. Alinipa wiki mbili: maji yangu yatoke safi, la sivyo nifunge kazi. Kazi yenyewe ndiyo inayolisha wanangu.

Mwalimu Theonest, anayefundisha kemia, akaniambia mkaa wa magunzi ya mahindi hunasa rangi. Magunzi kwetu tunayakanyaga! Nikachoma gunia zima. Yakawa majivu matupu; nikachujia maji humo, yakatoka machafu kuliko yalivyoingia. Nikaipiga ndoo teke, nikakaa chini nikalia, mtu mzima mimi.

Mama Verediana akanikuta hapo hapo.

"Shikamoo," nikasema kwa aibu.

"Marahaba. Hasira hasara, Anneth. Umeyachoma, hukuyafukia."

Marehemu mumewe alikuwa mchoma mkaa. Akachukua jembe langu akachimba shimo, akapanga magunzi, akawasha, akafunika kwa nyasi na udongo, akaacha tundu dogo la moshi. Yalipopoa tuliyatwanga, tukayaosha, tukayajaza kwenye pipa lenye mchanga chini. Niliyemharibia kazi ndiye aliyechafuka masizi kwa ajili yangu. Namshukuru mpaka leo.

Siku ya ukaguzi niliandaa kitambaa kikuukuu cha kujaribia. Mama Verediana akakisukuma kando, akatoa kitambaa kipya cha altare.

"Mama, kikiharibika?"

"Pipa nimelijaza kwa mikono yangu. Nitaliogopaje?"

Akakitumbukiza kwenye maji yaliyochujwa, akakifikicha, akakikamua, akakikung'uta mbele ya mwenyekiti. Kilikuwa cheupe pe! Mwenyekiti akaniambia niendelee na kazi.

Nikamshika mama mikono yote miwili. Badala ya kushukuru nikauliza la kijinga tu: kile cha zambarau alikitupa wapi?

"Nikitupe? Nimekikunja vizuri kabatini," akasema. "Kwaresima ijayo tutakitandika."